Mtu Mrefu na Farasi Wake

Katika barua tulizozipokea mwezi huu imo moja ndefu iliyotoka Gongoni, Tabora, nayo ni ya ndugu yetu mmoja ambaye hatutamtaja jina. Asema kwamba alipokuwa kijana alikaa Oman kwa mjomba wake miaka sita, na huko akafundishwa kupanda farasi mpaka akawa hodari. Kisha akarejea nyumbani, akaoa, akashughulika na duka, na miaka ishirini ikapita bila ya kushika hatamu. Sasa ana umri wa miaka 44, urefu wake futi 6 na inchi 4, na uzito wake kilo 98. Binamu zake wamemwalika Maskati msimu wa baridi, na farasi waliomwekea ni jike wa Kiarabu ambaye kimo chake penye mabega ni futi 5 kasoro inchi. Jirani zake wa Gongoni wanamcheka, ati miguu yake itafagia njia. Naye atuuliza mambo mawili. Je, farasi huyo atamfaa? Na je, akirudi aweza kujinunulia farasi wake amfuge hapo Tabora, ampande yeye na mwanawe wa miaka 13?

Tumeona tumjibu katika ukurasa huu badala ya kumwandikia faragha, kwani tunao wasomaji wengi, vijana khasa, walioko Oman na Nairobi na Arusha, ambao hupanda farasi au hutamani kupanda, na swali hili ni lao pia.

Kwanza tuwajibu jirani. Sahaba Qays bin Saad bin Ubada, Ansari wa Madina, aliyekuwa liwali wa Misri katika ukhalifa wa Sayyidna Ali, alikuwa mtu wa kimo na mwili mkubwa, hata wanahistoria wamesimulia kwamba akipanda punda miguu yake huchora ardhi. Kisa kile cha suruali yake kupimwa na mrefu wa Warumi, ambacho hupendwa kusimuliwa barazani, Ibn Abdul Barr amekikanusha, basi tukiache. Adi bin Hatim wa kabila la Tayy naye ametajwa kwamba akiwa juu ya farasi miguu yake hukaribia chini. Na Sayyidna Umar alikuwa mrefu kiasi ambacho akitembea kati ya watu, aliyemwona kwa mbali alidhani amepanda mnyama. Hao wote walipanda, na hao wote waliongoza watu. Miguu kuning'inia, basi, ni jambo la macho ya watazamaji. Jambo la mnyama ni jingine kabisa, nalo ni mzigo.

Wapimaji wa farasi huanza chini kwenye kwato wakapanda mpaka juu ya mabega, pale shingo inapokutana na mgongo, kwa sababu kichwa huinuka na kuinama lakini mahali pale hapabadiliki. Waingereza huhesabu kwa viganja, na kiganja kimoja ni inchi 4. Farasi wa Kiarabu aghalabu huwa baina ya sentimita 145 na 155. Farasi wa mashindano wa Kiingereza hufika 160 na kupita. Ndugu yetu ameandika barua nzima juu ya kipimo hiki, na kilo zake amezitaja mara moja tu, kama kwamba hazina shughuli. Sisi twaona kwamba kilo ndizo zenye shughuli.

Mwaka 2008 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya farasi wanane. Waliwapandisha mizigo ya sehemu 15, 20, 25 na 30 katika kila mia ya uzito wa mnyama mwenyewe, wakawafanyisha kazi, kisha wakapima mapigo ya moyo na maumivu ya misuli. Katika 15 na 20 hapakuwa na tofauti kubwa. Ilipofika 25 moyo ulianza kwenda mbio na mgongo kuuma, na katika 30 mambo yalizidi. Wakaona tena kwamba farasi mwenye kiuno kipana na mifupa minene ya miguu huumia kidogo kuliko mwembamba, japokuwa uzito ni mamoja. Ndiyo maana mafundi wengi leo hushika kanuni ya moja ya tano, yaani mpandaji pamoja na seruji na kila alichovaa wasizidi moja ya tano ya uzito wa farasi.

Tufanye hesabu. Kilo 98 za ndugu yetu, tukiongeza kilo 10 za seruji, viatu na kofia, ni kilo 108. Mara tano yake ni 540. Sasa farasi wa Kiarabu wa kimo kile aghalabu huwa na kilo 400 na kitu, tuseme 436. Moja ya tano yake ni 87. Kwa hiyo jike yule wa Maskati atabebeshwa kilo 21 zaidi ya haki yake, na kilo 21 ni karibu na gunia dogo la sukari kuwekwa juu ya mgongo ambao tayari umejaa. Si kwamba ataanguka. Atakwenda, na huenda akaenda vizuri siku ya kwanza na ya pili, kwa sababu farasi wa asili njema hafichui maumivu yake upesi. Baada ya wiki atakuwa anainamisha mgongo kila akitandikwa, au anageuza kichwa kuuma anapokazwa mshipi wa tumbo, na watu watasema amekuwa mkorofi.

Hapana shaka wako watakaotuambia kwamba Waarabu wa kale waliwapanda farasi hawa hawa pamoja na silaha na deraya, na walivuka nao majangwa. Ni kweli. Walakini watu wale wengi wao walikuwa wakonda, na farasi wao walikuwa kazini kila siku ya Mungu, na mpandaji wao hakuwa ametoka dukani baada ya miaka ishirini. Mtu aliyezoea hukaa juu ya farasi akafuatana na mwendo wake. Asiyezoea, au aliyesahau, hupanda na kushuka kama kinu na mchi, na kila hatua ni pigo jipya juu ya mgongo. Kilo 98 za fundi si sawa na kilo 98 za aliyepoteza mazoezi.

Na hapa dini yetu haikunyamaza. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alimpita ngamia aliyekonda mpaka mgongo wake umeshikana na tumbo lake, akawaonya watu wamche Mwenyezi Mungu katika wanyama hawa wasioweza kusema, na akaamrisha wapandwe wakiwa katika hali njema. Katika hadithi nyingine alikataza watu kukaa juu ya migongo ya wanyama na kuifanya mimbari za mazungumzo. Maana yake, ukitaka kusimama njiani uzungumze na rafiki yako nusu saa, shuka. Tena imesimuliwa kwamba Sayyidna Umar alimwadhibu mwenye ngamia aliyempakia mnyama wake zaidi ya uwezo. Ndugu yetu anayo haki ya kufurahi juu ya farasi, kwani Qurani yenyewe katika Suratun Nahl imewataja farasi, baghala na punda kuwa ni wa kupandwa na kuwa ni pambo. Farasi naye anayo haki yake, na haki hiyo ina kipimo.

Tuendelee na jambo la pili, ambalo warefu wengi hawalijui mpaka waumie, nalo ni seruji. Mtu mwenye paja refu huhitaji seruji ndefu. Ile iwatoshayo watu wa kimo cha kati humsukuma nyuma, na magoti yake hupita mbele ya ngozi ya ubavuni yakabaki hewani. Kikalio cha inchi 17 na nusu au 18, chenye mbavu za ngozi zilizokatwa kuelekea mbele, ndicho kitakachomkalisha sawa. Lakini seruji haitakiwi kuvuka ubavu wa mwisho wa farasi, kwa sababu nyuma ya hapo ni kiuno kitupu, hapana mifupa ya kusaidia kubeba. Na farasi wa Kiarabu, kwa uzuri wake wote, mgongo wake ni mfupi. Basi yatokea mara nyingi kwamba seruji impasayo mtu haimpasi farasi, na seruji impasayo farasi haimpasi mtu. Hilo peke yake latosha kukataa hata pale mizani inapokubali.

Kuhusu miguu, tazama umbo la tumbo la farasi kuliko kimo chake. Farasi mwenye kifua kirefu cha kwenda chini na mbavu za duara humeza mguu mrefu, na kisigino cha mpandaji hubaki ubavuni mahali kinapoweza kumwambia mnyama jambo. Farasi mwembamba, hata akiwa mrefu wa sentimita 165, huacha miguu ikining'inia chini ya tumbo lake, na mpandaji akitaka kumgusa hana budi kukunja goti na kuinua kisigino, na papo hapo amepoteza makao yake. Tena mtu mrefu hubeba kifua na kichwa chake mbali na mgongo wa mnyama. Akiinama kidogo mbele, farasi mdogo mwenye shingo fupi huhisi kama amesukumwa. Akijikwaa, wote wawili huenda chini. Kwa sababu hii hatusemi kwamba kimo hakina maana kabisa. Twasema kinakuja baada ya uzito, mgongo na upana wa kifua.

Kama tungekuwa Maskati pamoja naye, tungemtafutia farasi wa damu iliyochanganyika, wa kimo cha sentimita 158 mpaka 168, mwenye kilo 540 au zaidi, kiuno kipana na mguu mnene chini ya goti. Na umri wake uwe baina ya miaka 10 na 16. Farasi wa umri huo amekwisha kuona magari, mbwa, mifuko inayopeperushwa na upepo na watoto wenye baiskeli, na havishangai tena. Twamkataza ndugu yetu asipewe farasi aliyestaafu mbio, ingawa wengi wao ni wakubwa na bei yao ni ndogo. Farasi wa mbio amefundishwa neno moja tu tangu utoto wake, nalo ni kwenda; ukikaza hatamu hudhani unamtaka aongeze mwendo. Vilevile asivutwe na vijana wa Oman katika michezo yao ya ardha, ambamo wapanda farasi wawili hutoka shoti bega kwa bega, wameshikana mikono, na wengine wamesimama wima juu ya seruji. Ni mambo mazuri ya kutazama, na mwaka 2018 UNESCO iliyaandika katika orodha ya urithi wa wanadamu. Ndugu yetu na ayatazame akiwa amekaa juu ya kiti.

Na yule jike wa Kiarabu tusimtupe. Mtoto wa miaka 13, mwenye kilo 45 au 50, ndiye mpandaji wake khasa. Kama baba atamchukua mwanawe katika safari hii, basi nyumba imepata mnyama wake, na baba aombe mwingine. Watoto wa Kiswahili kupanda farasi si jambo geni. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, ameeleza katika kumbukumbu zake jinsi yeye na ndugu zake, wavulana kwa wasichana, walivyojifunza kupanda walipokuwa wadogo huko Mtoni, Unguja.

Juu ya mazoezi tuna neno, kwani hapo ndipo watu wa umri wa ndugu yetu wanapojivunja. Katika Sahihi Bukhari imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alishindanisha farasi wa Madina makundi mawili. Wale waliokuwa wametayarishwa kwa chakula na mazoezi walitoka Hafya mpaka Thaniyyatul Wadaa, mwendo wa maili tano au sita. Wale ambao hawakutayarishwa walitoka Thaniyya mpaka msikiti wa Bani Zurayq, mwendo wa maili moja. Abdullahi bin Umar alikuwa miongoni mwa walioshindana. Angalia tofauti ya masafa hayo, mtu wetu, ujihesabu uko katika kundi gani. Aliyekaa miaka ishirini bila ya kupanda ni wa maili moja, hata kama zamani alikuwa wa maili sita. Moyo unakumbuka kila kitu, lakini misuli ya mapaja na ya kiuno haikumbuki chochote.

Basi miezi mitatu kabla ya safari atembee kwa miguu saa nzima kila siku, na apande ngazi, na akae amechuchumaa kidogo kila asubuhi mpaka mapaja yawake moto. Akipunguza kilo nane katika muda huo, hesabu yetu yote ya juu itabadilika: kilo 40 zitaondoka katika uzito wa farasi anayemhitaji, na duru ya kuchagua itapanuka sana. Siku ya kwanza apande nusu saa, mwendo wa kutembea tu. Matiti aanze wiki ya pili, na shoti aiache mpaka mwalimu amruhusu. Kofia ngumu avae, na viatu vyenye kisigino, ili mguu usipenye kwenye kikuku ukanasa. Na ingawa ana miguu mirefu ya kumwezesha kupanda kutoka chini, asifanye hivyo. Uzito wote ukivutwa upande mmoja hupinda seruji na kuuminya mgongo. Apande kutoka juu ya jiwe au baraza.

Tumefika kwenye swali la pili, la kumleta farasi Tabora, na hapa jibu letu ni kali zaidi.

Tabora, tangu ilipokuwa ikiitwa Kazeh katika nchi ya Unyanyembe, imewaona wageni wa kila namna wakifika kwa njia ya misafara kutoka Bagamoyo, mwendo wa kilomita kama 800. Burton na Speke walifika tarehe 7 Novemba, 1857. Waliondoka pwani na punda, na karibu wote wakafa njiani. Stanley alipotoka Bagamoyo mwaka 1871 alikuwa na punda 27 na farasi wawili, mmoja wa kijivu wa asili ya Kiarabu aliyepewa na Sayyid Barghash. Farasi hao hawakuifikia Unyanyembe. Walikufa wote wawili karibu na pwani bado, baada ya siku chache za safari, wa pili akimfuata wa kwanza upesi. Naye mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji aliwaleta ndovu wanne wa Bara Hindi, wakateremshwa Msasani, ili ionekane kama ndovu wataweza njia iliyowashinda farasi. Watatu walikufa njiani, na mmoja tu ndiye aliyefika Karema kwenye Ziwa Tanganyika, naye hakuishi sana. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, mwaka 1916, majeshi ya wapanda farasi kutoka Afrika Kusini yaliingia nchi hii, na farasi wao wakafa kwa maelfu, wengi zaidi kwa maradhi kuliko kwa risasi. Mpaka Wabelgiji wanaingia Tabora tarehe 19 Septemba, 1916, kila jemadari alikuwa amejifunza kwamba mbeba mizigo wa kweli wa nchi hii ni mtu.

Muuaji mkubwa ni mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo. Misitu ya miombo inayoizunguka Tabora ni nyumba yake ya kale. Akimuuma mnyama humtia katika damu vijidudu ambavyo David Bruce alivitambua huko Zululand mwaka 1895. Wanyama wa porini huishi navyo bila ya kudhurika sana, na ng'ombe huugua, lakini farasi hukonda, hukauka damu, hufura miguu na tumbo, kisha hufa. Dawa zipo, walakini baadhi ya dawa zinazomfaa ng'ombe huwa nzito kwa farasi, na mganga wa mifugo hutakiwa kuzipima kwa uangalifu mkubwa. Muuaji wa pili ni maradhi yaitwayo ndwele ya farasi ya Afrika, ambayo huletwa na visubi wadogo sana wanaouma tangu jua kuchwa mpaka alfajiri. Katika farasi mia wasiokuwa na kinga huweza kufa 70, hata 90. Chanjo yake hutengenezwa Afrika Kusini, nayo hutakiwa kurudiwa kila mwaka. Kwa hiyo farasi wa Tabora mchana ana mbung'o na usiku ana visubi.

Ni kweli kwamba mji si pori, na mbung'o hapendi mahali palipofyekwa. Swynnerton na wenzake walifanya kazi hiyo ya kufyeka na kuchunguza huko Shinyanga katika miaka ya 1920 na 1930. Unguja, ambako mbung'o walikuwako pia, waliondolewa kabisa kwa kuachiliwa madume waliotiwa utasa, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa salama. Farasi aliyefungwa ndani ya banda lenye wavu katikati ya Gongoni yamkini ataishi. Lakini ndugu yetu hataki farasi wa kufungwa. Atataka kumtoa, na njia zote za kutokea mjini, ukienda mbali vya kutosha, zaelekea miombo.

Kisha kuna malisho. Farasi wa kilo 540 hula majani makavu kilo 10 hivi kwa siku na kunywa maji lita 30 au zaidi, na joto likizidi huongeza. Tangu Mei mpaka Oktoba, mvua zinapokuwa zimekwisha, nyasi za Tabora hubaki vijiti. Kwato zake hutaka kukatwa kila wiki sita mpaka nane na mtu aliyesomea kazi hiyo, na mtu huyo atamwita kutoka wapi? Tena farasi ni mnyama wa kundi. Akiwa peke yake hulia, hutembea huku na huko katika banda, na huacha kula. Mwenye duka moja na watoto wa kusomesha ajiulize kama gharama hizi ni za pambo au ni za israfu.

Je, punda? Wazee wa Unyanyembe walipanda punda weupe wa Maskati, wakubwa kuliko wa kawaida, waendao telki bila ya kumtikisa mtu, na mnyama huyo alikuwa ndiye farasi wa bara. Punda huvumilia nchi hii kuliko farasi, na si ajabu, kwani wataalamu wamesema kwamba alifugwa mara ya kwanza katika upande huu wa Afrika, miaka kama 7,000 iliyopita. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alipanda punda, basi hapana unyonge ndani yake. Ila mashirika ya kuwatunza punda leo hushauri kwamba punda wa kawaida asipandwe na mtu aliyezidi kilo 50. Mwanawe aweza. Yeye, kwa kilo zake 98, hawezi, na hata akipunguza nane hawezi. Amnunulie mtoto punda mmoja mwema, au wawili ili wasikilizane, na yeye atembee pembeni. Hayo pia ni mazoezi yake.

Kwa farasi wake mwenyewe, ushauri wetu ni apande mahali farasi walipo. Katika nyanda za juu za Arusha na Kilimanjaro, na huko Nairobi, kuna watu wanaofuga farasi wakubwa na kufundisha kwa malipo ya saa. Safari mbili za namna hiyo kwa mwaka zitampunguzia fedha chache kuliko mwezi mmoja au miwili ya kumlisha farasi mgonjwa Gongoni.

Tumebakiwa na kazi moja ya kumpa. Binamu zake huenda wana farasi wengine, na mizani ya farasi si kitu kinachopatikana kila zizi. Basi achukue utepe wa fundi cherehani. Farasi asimamishwe sawa juu ya sakafu ngumu, apimwe duru ya kifua nyuma kidogo ya miguu ya mbele, kisha apimwe urefu kutoka ncha ya bega mpaka ncha ya tako. Duru izidishwe kwa duru, kisha izidishwe kwa urefu, na jumla igawanywe kwa 11,880. Jibu ni kilo za farasi kwa kukadiria. Mfano wetu wa kilo 436 ulitoka katika duru ya sentimita 180 na urefu wa 160. Akipata farasi mwenye duru 195 na urefu 170, huyo ana kilo 544, naye ndiye. Atuandikie vipimo vya kila mmoja, na pamoja navyo urefu wa mgongo kutoka mabegani mpaka ubavu wa mwisho, ili tumwambie habari ya seruji kabla hajalipa nauli.